Msizime Taa za Watu

Mhadhara kwa wapiga picha wa harusi, Mombasa

Hamjambo wenzangu. Nashukuru mmefika, hata nyinyi mlioniambia kesho mna harusi mbili.

Miaka yangu ya mwanzo nilipiga picha za kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, huku Kibokoni. Wenyewe walikuwa wamehangaika na ukumbi siku mbili: vitambaa vya dhahabu, vijitaa vimening'inia ukuta mzima, asumini mpaka kwenye ngazi za jukwaa. Nilipiga usiku ule wote na hakuna sura iliyotikisika. Nilipopeleka albamu, shangazi yake bibi harusi alifungua kurasa tatu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani stima zilipotea?" Nyuma ya kila mtu palikuwa kiza kitupu. Bibi harusi yule angeweza kuwa amekaa popote, hata stoo. Swali la mama yule ndilo lililonifundisha kazi hii.

Flashi haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeweka shata, lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, kwenye 1/200 ya sekunde, na taa za ukumbi hazikupata nafasi ya kuingia. Picha ya flashi ni picha mbili zilizolaliana: moja ya flashi, nyingine ya taa za mahali. Fikirieni karai. Flashi ni ndoo ya maji inayomwagwa mara moja. Taa za ukumbi ni mfereji unaotiririka. Ukiuacha mfereji wazi, maji yake yanazidi, lakini ya ndoo ni yale yale. Ukishuka kutoka 1/200 hadi 1/15, mwangaza wa ukumbi unaongezeka zaidi ya mara 13, na flashi iliyompiga bibi harusi haiongezeki hata chembe. Flashi hutawaliwa na nguvu yake, umbali, tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Shata haiigusi, maadamu hujapita kikomo cha kasi ya shata ambacho kamera yako inakubali flashi, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250.

Najua mnaogopa picha kutikisika. Flashi ya kuchomeka juu ya kamera, ikiwa kwenye nguvu ya chini, hudumu chini ya 1/10,000 ya sekunde, na hiyo ndiyo inayomgandisha mtu. Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani, mwaka 1964 alipiga picha ya risasi ikitoboa tufaha. Chumba kilikuwa kiza na shata ikaachwa wazi. Flashi ndiyo iliyoamua wakati.

Mimi huanza bila flashi. ISO 800, tundu f/4, shata 1/15, nautazama ukumbi mpaka utokee wenye giza kidogo kuliko macho yanavyouona. Kisha nawasha flashi kwenye 1/16 ya nguvu yake, nikiielekeza darini kama dari ni nyeupe. Kwenye hema la vitambaa vya rangi msifanye hivyo, kwa sababu kitambaa cha kijani kitampaka bibi harusi ukijani. Na penye balbu za manjano, ivisheni flashi plastiki ya rangi ya chungwa, ili uso na ukumbi vizungumze lugha moja.

Sasa chakacha. Hapa ningekaa mpaka usiku. Leso imefungwa kiunoni, ngoma imekolea, nyonga zinazunguka na mabega yametulia. Ukipiga kwa 1/200 unapata wanawake waliosimama vibaya. Teremka mpaka thumuni ya sekunde: flashi inashika macho na cheko, leso inajichora kama moshi wa rangi. Ndipo mtu aliyekuwepo anasema, naam, hivi ndivyo ilivyokuwa. Kuna wanaozungusha kamera ili taa zichore duara. Mara moja kwa usiku inatosha. Zaidi ya hapo albamu nzima inaleta kizunguzungu.

Pamoja na hayo, njia hii ina masharti. Anayemulikwa sana na taa za jukwaa atatoka na nyuso mbili, maana mfereji nao unamchora. Mtoeni kwenye mwanga ule, taa zibaki nyuma yake. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Pwani tunakutana nalo kuliko wengi: mwanamke aliyevaa buibui jeusi akitembea mbele ya ukuta wenye taa, taa zile zitampenya. Nguo nyeusi haina mwanga wa kuzifunika. Nimeona msafara wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, ukitoka kama mizimu kwa sababu hiyo. Tafuteni ukuta wa giza, au wasubirini wasimame waitikie.

Kwa chochote kinachosafiri, wekeni flashi kwenye pazia la pili, yaani iwake mwisho, shata ikikaribia kufunga. Tuk-tuk ikipita na flashi ya mwanzo, michirizi ya taa inaitangulia, na inaonekana inarudi nyuma. Flashi ikiwaka mwisho, michirizi inafuata. Ila mkiiachia kamera ijipimie flashi yenyewe, hutoa mwako mdogo kabla, na watu wakiuona hudhani picha imekwisha, wanageuka. Pangeni nguvu ya flashi wenyewe kwa mkono.

La mwisho ni kwa kina dada, maana kupamba ni kwetu peke yetu. Mnajua picha za usiku ule hazionwi na kila mtu, na amana hiyo haina mjadala. Lakini familia moja iliniomba picha ya kutundika sebuleni, ambako mashemeji wa kiume huingia. Nilizima flashi, nikaweka nusu sekunde, nikapiga chakacha yote. Hakuna sura hata moja inayotambulika. Kuna leso, dhahabu, mikono yenye hina imeinuliwa, na vijitaa vyote vya ukutani. Niliwaonyesha wao kwanza, mmoja mmoja, kila aliyekuwemo akaridhia. Ipo ukutani mpaka leo, na bibi ya nyumba humwonyesha kila mgeni mahali yeye mwenyewe alipokuwa amesimama.

Magharibi imeshapita. Chukueni kamera tushuke Ndia Kuu, tuk-tuk zimewasha taa.