Wamo machimboni, hawamo kwenye mgawo

BARAKA: Habari zenu wasikilizaji, popote mlipo. Mimi ni Baraka, na niko na dada yangu Neema. Leo hatuna mgeni, maana jambo lenyewe linatoka nyumbani kwao Neema. Tulipokuwa tunapanga kipindi nilipendekeza tuzungumzie kazi za wanaume, zile ambazo wanawake hawazifanyi. Mfano wa kwanza niliotaja ulikuwa uchimbaji wa madini. Akaniangalia, akanyamaza.

NEEMA: Nilinyamaza kwa sababu mama yangu ametulea wanne kwa uchimbaji, kaka.

BARAKA: Basi anzia hapo.

NEEMA: Nimekulia kwenye machimbo ya dhahabu mkoani Geita. Kijiji sikitaji, watu wapo na wanaendelea na kazi zao. Kila siku alfajiri mama alikuwa anakaa chini juu ya kiroba, miguu ameinyoosha, mbele yake kuna jiwe pana la kupondea. Anaweka kipande cha jiwe la dhahabu, anakizungushia kata ya mpira wa tairi ili vipande visiruke, halafu anagonga. Kata inashikwa na mkono wa kushoto, nyundo iko kulia. Kidole gumba chake cha kushoto hakina kucha mpaka leo. Jioni akinyanyuka, vumbi jeupe limejaa mpaka kwenye kope. Sasa mtu akisema wanawake hawamo kwenye uchimbaji, mimi nakikumbuka kile kidole.

BARAKA: Na malipo yake?

NEEMA: Anaponda mawe ya mtu kwa ndoo. Ukijaza ndoo unalipwa ya ndoo. Jiwe likiwa na dhahabu nyingi unalipwa ileile, likiwa tupu unalipwa ileile. Siku nyingine mwenye mawe akimwonea huruma anamwachia marudio, ule mchanga ambao umeshaoshwa ukatolewa dhahabu. Mama anauosha tena, usiku, na taa ya chemli.

BARAKA: Nataka nikiri jambo. Nikiwa kijana nilikaa Mererani, mkoani Manyara, miezi minane, mwanaapolo kabisa, yaani mchimbaji wa kule, natafuta tanzanaiti. Na niliamini, kwa moyo wote, kwamba mwanamke akisogelea mdomo wa mgodi jiwe linakimbia. Akiwa mwezini ndiyo balaa zaidi. Siku moja dada mmoja alileta uji, akapita karibu na kamba. Tulimfukuza kama mwizi. Wiki ile hatukupata kitu, tukasema ni yeye. Wiki iliyotangulia pia hatukuwa tumepata kitu, lakini hakuna aliyeikumbuka hiyo. Yule dada alibeba lawama yetu mpaka akahama.

NEEMA: Hata Geita ni vilevile, kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake dhahabu inapotea. Kuna mmiliki mmoja wa duara, yaani shimo la kuchimbia, nilikuwa kidato cha tatu, nimetumwa kupeleka kidumu cha maji. Aliniuliza mbele ya vijana kumi na tano kama niko kwenye siku zangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikaweka kidumu chini nikarudi nyumbani. Nasikia aibu nikikumbuka, na aibu ile si yangu.

BARAKA: Pole sana, dada.

NEEMA: Ahsante. Lakini huko Mererani kwenu si ndiko alikotokea Pili Hussein?

BARAKA: Ndiyo, na wasikilizaji wengine hawamjui, ngoja niwaeleze. Huyu mama alikimbia ndoa yenye vipigo, akafika Mererani. Akakuta wanawake hawaruhusiwi kushuka mgodini. Akavaa suruali kubwa, akajiita Mjomba Hussein, akashuka. Karibu miaka kumi! Alikuwa anafika mita mia sita chini ya ardhi, na wenzake hawakujua. Akapata mawe makubwa, akawajengea wazazi, akanunua vifaa, akaajiri watu. Siri yake ilitoka siku alipokamatwa kwa kusingiziwa kwamba amembaka mwanamke. Akalazimika kueleza kwamba yeye mwenyewe ni mwanamke.

NEEMA: Watu wengi wakisimulia habari yake wanaishia kwenye ujasiri. Mimi huwa nakwama mahali pengine. Miaka ile yote yuko mle ndani, mawe yanatoka. Mwanamke yupo mgodini kila siku, na tanzanaiti haijakimbia. Kama mwiko ungekuwa kweli, si mgodi ule ungekauka?

BARAKA: Nilipoisikia mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa namfikiria yule dada wa uji.

NEEMA: Na kuna jambo la pili. BBC walipomhoji mwaka 2017, kampuni yake ilikuwa na wafanyakazi sabini. Wanawake walikuwa watatu, na wote wapishi. Kwenye mgodi wa Pili mwenyewe! Simlaumu hata kidogo, na alisema hapendi binti yake apite njia ile, mama gani angependa. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja akipenya, mlango unabaki palepale ulipokuwa.

BARAKA: Nani aliuweka huo mlango? Mimi nilidhani ni mambo ya mababu tu.

NEEMA: Mwiko una mizizi yake na siwezi kuisemea yote. Lakini sheria nazo zilisaidia. Uingereza ilipiga marufuku wanawake na wasichana kufanya kazi chini ya ardhi migodini mwaka 1842. Kabla ya hapo walikuwa wanaburuta makaa ya mawe humo humo. Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba, namba 45, unaosema mwanamke wa umri wowote asiajiriwe kazi ya chini ya ardhi mgodini. Walioruhusiwa kuachwa nje ya marufuku ni mameneja wasiofanya kazi ya mikono, watu wa afya, wanafunzi wa mafunzo, na anayeingia mara mojamoja kwa kazi isiyo ya mikono. Yaani mwanamke aruhusiwe kushuka na daftari, asiruhusiwe kushuka na sururu. Na mkataba ule umefutwa rasmi mwaka 2024. Juzi!

BARAKA: 2024?

NEEMA: 2024. Mimi nimeshazaa watoto wawili. Walisema wanawalinda wanawake, na sikatai kwamba migodi inaua. Lakini shimo likiporomoka linamuua na mwanamume. Dawa ni kuweka matimba imara, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta, na kuangalia hewa. Halafu, kaka, ulinzi gani huo usiofika kwenye zebaki?

BARAKA: Fafanua kwa wasiojua.

NEEMA: Mawe yakishasagwa unga, yanaoshwa, halafu mchanga ulioshikilia dhahabu unachanganywa na zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu, unaikamua kwenye kitambaa, unapata kidonge cheupe kama jino. Kile unakichoma, zebaki inapaa hewani, dhahabu inabaki. Shangazi yangu alikuwa anachomea jikoni, kwenye kikaango, mtoto mgongoni. Moshi wenyewe hauna harufu, huwezi kujua unavuta nini. Zebaki inaharibu mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Tanzania imeridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, vizuri, lakini mwanamke wa mwaloni, kule dhahabu inakooshwa, atahitaji kifaa cha kunasia ule moshi, na akipate kwa bei anayoiweza.

BARAKA: Turudi kwenye mgawo, maana ndiyo kichwa cha kipindi.

NEEMA: Hapo ndipo ninapotaka watu wasikilize. Duara likitoa mawe, mawe yanagawanywa pale pale juu. Mwenye leseni anachukua fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji wanabaki na lao. Viwango vinatofautiana machimbo kwa machimbo, ila watu wa kuhesabiwa ni haohao. Sasa niambie, mwanamke yuko wapi hapo?

BARAKA: Kwenye kuponda. Kwenye kuosha. Mama lishe.

NEEMA: Mama lishe. Wewe ulikula wapi miezi minane?

BARAKA: Kwa mama mmoja tulimwita Mama Chapati. Tulikuwa kumi na wawili.

NEEMA: Kwa pesa taslimu?

BARAKA: Hapana, mali kauli. Anaandika kwenye daftari, tukipata jiwe tunamlipa.

NEEMA: Kwa muda gani mkiwa hamjapata?

BARAKA: Kuna kipindi ilifika miezi mitano.

NEEMA: Miezi mitano anawalisha watu kumi na wawili kwa unga wake, mafuta yake, kuni zake. Na aliyenunua kamba na mafuta ya mashine anaitwa nani?

BARAKA: Mfadhili.

NEEMA: Na mgodi ukitoa anapata fungu?

BARAKA: Anapata. Eee, dada. Naona unakonipeleka.

NEEMA: Aliyetoa dizeli ni mfadhili, ana asilimia yake. Aliyetoa chakula ni mama wa chapati, analipwa bei ya chapati. Mkikosa, hasara ni yake. Mkipata bilioni, yeye ni chapati zilezile, kama mmekumbuka kulipa. Mlimlipa?

BARAKA: Mimi niliondoka Mererani sijapata kitu. Daftari lake lina jina langu. Nilikuja kurudi miaka mingi baadaye kumtafuta, nikaambiwa amehamia Singida. Jambo hilo linanikaa rohoni, nalisema hapa wazi.

NEEMA: Nashukuru umelisema. Ndiyo maana mimi huwa sipendi zile kampeni za kuwaambia wasichana wawe jasiri. Mama Chapati alikosa ujasiri gani? Mama yangu je? Alichokosa ni jina lake kuandikwa pale mawe yanapogawanywa. Kwa hiyo nikikutana na kiongozi yeyote, ombi langu ni leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania tu, inadumu miaka saba, inahuishwa. Mwanamke anaruhusiwa kuipata, sheria haimkatazi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinampa haki sawa ya kumiliki. Kinachomkwamisha ni kwamba anayejua mwamba wenye dhahabu umepita wapi ni aliyeshuka chini. Yeye ndiye anayewahi ofisi ya madini kuomba eneo. Usiposhuka hujui, usipojua huombi, usipoomba utaponda vya wenzako.

BARAKA: Kumbe kushuka chini si kutafuta sifa.

NEEMA: Hata kidogo! Chini ndiko habari zilipo. TAWOMA, chama cha wachimbaji wanawake, kipo tangu 1997 na kimeisukuma hoja hii miaka yote, nawaheshimu sana. Na tangu masoko ya madini yaanze, la kwanza lilifunguliwa Geita Machi 2019, kuna nafuu moja nimeiona kwa macho. Zamani mnunuzi alikuwa anakuja mwaloni na mzani wake mfukoni, mama anapokea anachoambiwa. Sasa unaenda sokoni, bei imeandikwa, mzani unauona. Mara ya kwanza mama alivyopima dhahabu yake sokoni alirudi nyumbani akaniuliza, hivi miaka yote ile nilikuwa nauza gramu yangu au nusu yake?

BARAKA: Ulimjibu nini?

NEEMA: Sikuwa na jibu.

BARAKA: Na sasa hivi anafanya nini?

NEEMA: Wako kikundi, wanawake kumi na mmoja, wote wapondaji na waoshaji wa zamani. Walichangishana kwa miaka, kwa vikoba, wakapata leseni yao. Wana duara moja. Vijana wanaochimba wamewaajiri, na wasichana wawili wanashuka. Mgawo wanaandika wenyewe, na mama lishe wao ana fungu. Walimwekea bila hata mimi kusema, wanajua njaa ya duara.

BARAKA: Wewe umeshawahi kushuka?

NEEMA: Mara moja, Desemba iliyopita. Mita kama thelathini na tano, unafungwa kamba kiunoni, unakanyaga kwenye matimba. Niliogopa, sikudanganyi. Ukifika chini joto linakupokea, jasho linatoka hapo hapo, na sauti za juu unazisikia kama zimo ndani ya mtungi. Msichana anayechimba pale alininyooshea taa akaniambia, dada, ule pale. Mstari mweupe wa mwamba, upana wa kiganja, umelala kwenye ukuta unakwenda. Nikaushika.

BARAKA: Na mama alikuwepo?

NEEMA: Yuko juu mdomoni, magoti hayamruhusu kushuka. Nilipotoa kichwa tu, sijapangusa hata uso, akaniuliza: umelala kuelekea wapi?

BARAKA: Yeye alikuwa hajawahi kuuona?

NEEMA: Miaka ishirini na sita ameponda mawe yake, hajawahi kuuona. Nikamwonyesha kwa mkono, upande wa mashariki, kwenye ule mwembe. Akafunga kanga vizuri, akatembea polepole mpaka chini ya mwembe, akasimama anaangalia ardhi.