Mafundisho Yenye Uzima ni Mafundisho Mazima

Ndugu zangu katika Kristo, nimealikwa kuzungumzia mafundisho yenye uzima, na walionisikia kabla ya leo wanajua tayari ninakoelekea, kwa hiyo wanivumilie. Maneno hayo Paulo alimwandikia Timotheo, akimwonya juu ya watu wenye masikio ya utafiti, yaani wanaotafuta kusikia yanayowapendeza tu, ambao wangejipatia waalimu makundi makundi. Neno la Kiyunani alilolitumia ni la afya, lilelile analolitumia Luka kwa watu wasiohitaji tabibu. Watafsiri wetu wakachagua "uzima", nami nawashukuru, kwa sababu katika Kiswahili chenye uzima ni kizima, na kilicho kizima hakijamegwa. Sisi hatuikani Biblia, tunaimega.

Mfano wangu ni uleule wa siku zote, Yeremia 29:11, yale mawazo ya amani wala si ya mabaya ambayo Mungu anasema anawawazia watu wake. Niliwahi kuketi katika ibada ambamo mhubiri aliusoma mstari huo mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, kisha akatuahidi mafanikio kabla ya mwaka kwisha. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando yangu alikuwa ameweka kidole juu ya mstari wa 10. Akaninong'oneza: "Mwalimu, mbona huu haujasomwa?"

Haukusomwa kwa sababu unataja miaka 70 ya kungoja Babeli kabla ya kurudishwa. Ile ilikuwa barua kwa mateka waliokwisha kufikishwa Babeli, na wengi wa watu wazima walioisikia ikisomwa walikuwa wanaambiwa, kwa upole lakini bila kufichwa, kwamba watazikwa ugenini. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na, jambo gumu kuliko yote, wauombee amani mji uliowateka. Rudini nyuma sura moja tu mkutane na Hanania, aliyefungua unabii wake kwa jina la Mungu yuleyule, akaahidi kwamba vyombo vya hekalu vingerudi ndani ya miaka 2, na ili asadikiwe akaivua nira shingoni mwa Yeremia, iliyokuwa ishara ya kutawaliwa na Babeli, na kuivunja mbele ya watu. Ingekuwa leo, Hanania ndiye angejaza viwanja. Alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Nasi tunaposoma mstari wa 11 bila wa 10, tunahubiri ujumbe wa Hanania kwa maneno ya Yeremia.

Huwa naulizwa kama ninawakataza watu kufarijiwa na mstari huu. Siwakatazi! Mungu anayemwandikia mateka barua ni faraja kubwa kuliko Mungu wa tarehe za karibu.

Najua pia yupo anayesema moyoni, "Mzee, andiko huua, bali roho huhuisha." Anayenijibu hivyo amenukuu andiko ili alikatae andiko, na hata hilo amelimega, kwa maana mstari unaofuata, katika 2 Wakorintho 3, unaonyesha kwamba Paulo anasema juu ya agano lililochorwa katika mawe, wala hamruhusu mhubiri kupanda mimbarani bila kujiandaa. Namba hizi za mistari zinazoturahisishia kumega, Paulo hakuziandika. Zile za Agano Jipya tunazozitumia zilianza kwa mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551.

Muda unanikimbia, nami nilikuwa na mengine. Wafilipi 4:13 ni maneno ya mfungwa aliyejifunza kuona njaa, someni mstari wa 12. "Jisaidie nami nitakusaidia" haimo katika Biblia, msiitafute. Shetani naye alinukuu Zaburi ya 91, na Bwana wetu alimjibu, "Tena imeandikwa". Neno hilo "tena" lilistahili mhadhara wake peke yake. Juu ya watu wa Beroya, waliomchunguza hata Paulo kwa Maandiko kila siku, nitanyamaza, kwa kuwa mwenyekiti ameshaniangalia mara mbili.

Kabla ya maswali, naomba mwenye Biblia afungue Yeremia 28 atusomee, kuanzia mstari wa kwanza, asiruke.