Dizeli Ikipanda, Safari Itagharimu Kiasi Gani?

DADA: Hamjambo wapendwa wasikilizaji, karibuni tena kutoka Kampala. Leo tuko kwenye dashibodi za biashara, yaani kurasa za kompyuta zinazoonyesha namba za kampuni, na lile swali ambalo kila mwenye malori huuliza asubuhi: "Je, dizeli ikipanda?" Kaka, karibu.

KAKA: Ahsante, dada yangu. Swali hilo limewahi kuniumiza. Niliitengenezea kampuni moja ya malori dashibodi kwenye Power BI, programu ya Microsoft ya kuchambua data. Wanatoa mizigo Mombasa kuileta Kampala, safari ya kilomita zaidi ya 1,100. Nikaweka kitelezi kimoja tu, kile kitufe cha kwenye skrini unachosogeza kubadilisha namba, kikiwa cha asilimia ya kupanda kwa dizeli, nikakizidisha na gharama yote ya safari. Wakatumia namba hiyo kumpa mteja bei. Mteja akaondoka na mzigo wake.

DADA: Pole sana. Ulikosea wapi?

KAKA: Chukua mfano. Tuseme safari moja inakula shilingi milioni 6 za hapa kwetu, na dizeli ndani yake ni milioni 3. Dizeli ikipanda asilimia 10, kinachoongezeka ni 300,000. Safari nzima imepanda asilimia 5. Mimi niliwapandishia asilimia 10 nzima, yaani 600,000! Mshahara wa dereva haukuguswa, bima haikuguswa, rejesho la mkopo wa lori liko palepale.

DADA: Kwa hiyo gharama zigawanywe kwanza.

KAKA: Kabla hujagusa kitelezi chochote. Kaa na mhasibu, kaa na msimamizi wa magari, uliza kila gharama inasukumwa na nini. Na dizeli yenyewe usiichukue kama kitu kimoja. Lori linajaza tanki Kenya, kisha linajaza tena likishavuka mpaka wa Malaba kuingia Uganda. Kule Kenya bei ya pampu inatangazwa na mamlaka yao ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi. Huku kwetu serikali haipangi bei, kila kituo kina yake. Mimi sasa naweka vitelezi viwili, dizeli ya Kenya na dizeli ya Uganda.

DADA: Na dola je? Maana mafuta yenyewe yananunuliwa kwa dola.

KAKA: Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanaweka kitelezi cha dola na kitelezi cha dizeli, wanavipandisha vyote, wanahesabu jambo moja mara mbili. Halafu dola ikipanda asilimia 10, pampu haipandi asilimia 10, kwa sababu ushuru wa bidhaa kwenye mafuta unatozwa kwa shilingi kwa kila lita, haumfuati dola. Kitelezi cha dola nakiachia vile tunavyolipia kwa dola moja kwa moja, kama matairi na vipuri vya kuagiza.

DADA: Tuingie jikoni sasa. Msikilizaji amefungua Power BI, anaanzia wapi?

KAKA: Anatengeneza kigezo cha namba, "parameter" kwa Kiingereza, ndicho kinachompa kitelezi: kianze hasi 20, kiishie 50, kikipanda moja moja. Programu inampa jedwali dogo la thamani hizo, na kipimo, "measure" kwa Kiingereza, yaani fomula inayokokotolewa upya kila ukisogeza kitelezi, kinachosoma ile iliyochaguliwa. Sasa nisikilizeni vizuri hapa: fomula ya gharama mpya iandikwe kama kipimo, isiandikwe kama safuwima ya jedwali. Safuwima inakokotolewa data inapopakiwa upya, basi. Utasogeza kitelezi mpaka uchoke, namba haitikisiki.

DADA: Nimeshaona mtu akihangaika hivyo siku nzima!

KAKA: Si mmoja, ni wengi. Na kigezo kimoja hakibebi zaidi ya thamani 1,000. Ukitaka kupanda shilingi moja moja kutoka 3,000 hadi 6,000, programu itaruka baadhi ya thamani. Tumia asilimia, au ruka shilingi 50.

DADA: Mimi nina hofu nyingine. Mtu anasogeza kitelezi, anapiga picha ya skrini, anaituma kwa bosi kwa WhatsApp. Bosi anadhani ndiyo gharama ya mwezi huu.

KAKA: Nimeliona hilo kwa macho yangu, na kikao kizima kikagombana juu ya hasara ambayo haikuwepo. Tangu siku ile, namba halisi na namba ya kudhania naziweka bega kwa bega, kila moja na rangi yake, na juu ya ukurasa kuna maandishi yanayobadilika yenyewe: "Makadirio: dizeli Uganda +10%." Mtu akipiga picha, maandishi yanaingia kwenye picha.

DADA: Swali la mwisho. Foleni ya mpakani? Lori likilala Malaba siku mbili, halichomi dizeli nyingi, lakini linakula pesa.

KAKA: Dada, hilo ni zito kuliko dizeli wiki nyingine. Dereva anakula posho kila siku, na lori linakosa safari ijayo. Ipe kitelezi chake, cha siku, kianze sifuri. Ila thamani ya siku moja usiikisie ofisini. Waulize madereva.

DADA: Madereva mnaotusikiliza njiani, tutumieni ujumbe wa sauti: siku moja ya foleni inawagharimu nini? Wiki ijayo tutaziweka namba zenu kwenye dashibodi hapa hapa.