Deni la Vita na Hati za Askari

Wazee wetu, akina mama, nanyi vijana mliofunga vibanda vyenu pale Kibuye mapema ili mfike hapa, asanteni.

Kwenye chama, anayelipa mkopo wake kwa wakati ndiye anayekopeshwa tena, na safari hii zaidi. Shikeni hilo, kisha tuende Marekani. Vita vyao vya uhuru vilikwisha mwaka 1783, hazina ikiwa tupu. Askari wengi walilipwa kwa hati za ahadi. Sasa, mtu aliyerudi nyumbani akakuta watoto wana njaa, atangoja ahadi mpaka lini? Waliziuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa.

Mwaka 1790 waziri wa fedha, Alexander Hamilton, akatangaza kwamba hati zote zilipwe kikamilifu, na madeni ya majimbo yabebwe na serikali kuu. Jumla ilikaribia dola milioni 75. Mbunge James Madison akasimama bungeni kuwatetea askari: mlanguzi asichukue yote, sehemu iwarudie waliopigana. Alishindwa. Mimi naiita dhuluma, hata nikijua kwamba kulipa huko ndiko kulikojenga imani ya wakopeshaji. Mwaka 1803 taifa hilo lilinunua eneo kubwa la Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, sehemu kubwa kwa hati za mkopo, na mabenki ya Ulaya yakazipokea.

Nani alilipa? Ushuru wa forodha ulileta fungu kubwa. Lakini mwaka 1791 ikaja kodi ya wiski, na hapa nisikilizeni ninyi mnaolima mahindi. Magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, safari ya kuvuka milima ilikula faida yote ya nafaka, kwa hiyo wakulima waliigeuza pombe, iliyo nyepesi kubeba. Kodi ikawaangukia wao, na mwenye mtambo mdogo aliumia kuliko tajiri. Mwaka 1794 wakaasi. Rais Washington akawapelekea askari karibu 13,000!

Baadaye Madison akawa rais. Mwaka 1811 Bunge lilikataa kuiongezea muda Benki ya Marekani, benki ya taifa iliyokuwa ikiikopesha serikali. Mwaka uliofuata akaingia vitani na Uingereza bila benki ya kumkopesha. Deni likapanda kutoka dola milioni 45 hadi 127. Agosti 1814 Waingereza waliichoma Ikulu. Novemba, hazina ikashindwa kulipa riba kule Boston. Aprili 1816, Madison yuleyule aliyeipinga benki ya kwanza mwaka 1791 akatia saini sheria ya kuanzisha ya pili.