Jina la baba ni lipi, lile la mtaani au la kitambulisho?

Hamjambo akina mama. Na nyinyi akina baba wanne, karibuni mbele, msijibanze huko mlangoni.

Habari za kitovu na kunyonyesha mmeshaelezwa na manesi. Mimi leo nina karatasi moja tu: tangazo la kizazi, lile mnalopewa wakati wa kutoka wodini.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, nesi alinijia asubuhi na kitabu chake, mimi sijapata hata lepe la usingizi. Akaniuliza jina la baba. Nikamtajia lile la mtaani, maana ndilo nililozoea kumwita. Mnacheka? Ngojeni. Tangazo nikalifunga kwenye pindo la khanga, na khanga ikaenda kufuliwa. Wakati wa kuanika nafungua fundo, nakuta kidonge cha karatasi kilichotapakaa wino. Nikarudi kuomba nakala, wakanakili kitabu chao kama kilivyo, na lile jina la mtaani humo humo. Cheti kikatoka hivyo. Shule tukamwandikisha kwa jina halisi la baba yake, wala hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza ni Bodi ya Mikopo. Mtoto anaomba mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na chake kinasema hivi ilhali cha kidato cha nne kinasema vile. Ikawa hati ya kiapo kwa wakili, nauli, foleni, njoo kesho. Kosa la asubuhi moja, na lilikuwa langu.

Kwa hiyo, kabla uchungu haujaanza, andikeni majina kwenye karatasi, muiweke begini pamoja na kadi ya kliniki. Majina matatu ya mama kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, ya baba vilevile. La mtoto mkubaliane herufi kwa herufi: Hadija au Khadija? Ramadhani ina i mwishoni au haina? Kwa bibi yake ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu wawili. Najua wengine mnangoja siku ya saba, wengine arobaini. Ngojeni sherehe, ila mashauriano myamalize mapema.

Na tangazo si cheti! Wako wanaolitunza kabatini miaka saba wakidhani kazi imekwisha. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, hata arobaini na pilau lake inaingia humo. Ukichelewa bado utasajili, ila maswali na vielelezo vinaongezeka. Kwa walio chini ya miaka mitano kuna mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013: cheti hutolewa bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, huna haja ya kupanda basi kwenda wilayani. Aliyejifungulia nyumbani asijifiche, aanzie kwa mtendaji. Zanzibar wana wakala wao, nazungumzia huku bara.

Mlioajiriwa: likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, mapacha 100, na mwajiri apewe taarifa miezi mitatu kabla. Ukirudi kazini una haki ya kutoka kunyonyesha, jumla saa mbili kwa siku. Baba ana siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache, nakubali, lakini kwenda kwa mtendaji zinatosha. Na wenye bima ya kazini, mtoto haingii kwenye kadi yenu kwa kuzaliwa tu. Lazima aandikishwe.

Haya, nani ana kalamu? Mama mwenye kitenge cha njano, tuanze na wewe. Mumeo anaitwa nani? Hapana, si la kijiweni. La kwenye kitambulisho.