Keria Ibaki au Ikatwe?

MBWANA: Asalaam aleikum wasikilizaji, habari za popote mlipo. Hiki ni kipindi chenu kilekile, miye Mbwana, na pembeni yangu...

ZUHURA: Pembeni yake kuna mtu anaziba pua. Kaka Mbwana, umekuja studio unanuka mafuta ya taa.

MBWANA: Tuanze na mada, Bi Zuhura. Leo nimeandika mambo matano ya kukagua kabla hujanunua baiskeli ya zamani ya milimani, zile za chuma. La kwanza...

ZUHURA: Ngoja kwanza. Mbona kidole gumba kimefungwa? Shemeji kanipigia juzi usiku, ananiuliza, "Mwenzio analala kijiweni siku hizi?" Waambie watu.

MBWANA: [anacheka] Haya. Si nimepata baiskeli. Pale Ngamiani, hapa Tanga, kwa yule jamaa anayerundika za mtumba wa Japani. Ilikuwa chini kabisa, juu yake zile za watoto na zile za kinamama zenye kikapu. Buluu iliyopauka, matairi ya inchi 26, yale mapana. Nikaiinua kwa mkono mmoja ikaja. Nikagonga paipu kwa kucha, ikalia vizuri. Chini ya siti kuna kibandiko kimechanika nusu, nikasoma "Tange".

ZUHURA: Kwa wasiomjua Mbwana, hapo ndipo pesa ya ada ilipoondoka.

MBWANA: Tange ni wa Sakai, kule Osaka, mji mmoja na Shimano, wale watengenezaji wa gia na breki za baiskeli. Walikuwa wanatengeneza paipu za kromoli, chuma kilichotiwa kromiamu na molibdenamu kidogo. Kinakuwa na nguvu hata ukikifanya chembamba. Zile nzuri zao paipu ni nene kwenye ncha, panapoungwa, katikati nyembamba, haifiki hata milimita moja. Ndiyo maana nyepesi. Na kibadilisha gia cha nyuma, Bi Zuhura, kina kichwa cha paa!

ZUHURA: Sasa Shimano wanauza nyama?

MBWANA: Deore XT ya kwanza hiyo! Ya 1982, seti ya kwanza Shimano waliyoitengeneza kwa ajili ya baiskeli za milimani. Ilikuwa na alama ya kichwa cha paa.

ZUHURA: Na siti?

MBWANA: Siti ilikuwa chini kabisa. Nikipanda, magoti yanagusa kifua. Nikalegeza bolti ili niivute juu. Haitoki. Haizunguki. Bomba la siti ni aluminiamu, paipu ya fremu ni chuma, na hazikupakwa grisi miaka yote hiyo. Likiingia jasho na chumvi, na hapa kwetu hewa yenyewe ya bahari, aluminiamu inafanya kutu yake ile nyeupe, inavimba, inashika pande zote.

ZUHURA: Akaipeleka kijiweni kwa mzee wa kahawa. Baiskeli ikapewa jina la Mgonjwa.

MBWANA: Na kila anayepita ana dawa. Bodaboda wa kwanza: "Piga nyundo." Kijana wa chipsi: "Mimina soda nyeusi." Mama mmoja anatoka sokoni, hata simjui, akasema maji ya moto.

ZUHURA: Na mmoja akasema asomewe.

MBWANA: Huyo alikuwa weye.

ZUHURA: [anacheka] Nilikuwa nashauri kama jirani.

MBWANA: Maji ya moto hayafai, na hili watu walishike. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiipasha yote unaikaza zaidi. Dawa ni kinyume: unapoza bomba la ndani kwa barafu yenye chumvi, unapasha paipu ya nje kidogo. Tukafanya. Tukabana kichwa cha bomba kwenye vaisi, tukashika fremu watu wawili tukazungusha kama usukani. Vaisi ikang'oka mezani.

ZUHURA: Na kidole.

MBWANA: Na kidole, ndiyo. Tukaiachia mafuta ya taa yaingie, usiku huu na usiku ule. Wapi.

ZUHURA: Hapo nikamkumbuka shangazi yangu.

MBWANA: Shangazi yake anapika sabuni. Ana kostiki soda. Kostiki inakula aluminiamu lakini chuma haikigusi. Unaiyeyusha kwenye maji, na hapa nisikilizeni: soda ndiyo inaingia kwenye maji, kidogokidogo, usimwage maji juu ya soda, itakurukia usoni. Glovu ndefu, miwani, nje, na watoto wakae mbali.

ZUHURA: Lakini ikiingia juu si inamwagikia kwenye kranki?

MBWANA: Ndiyo maana tulitoa ekseli ya kranki kwanza, tukaziba paipu kwa chini. Na hapo tena tukapata kesi. Upande wa mnyororo, ile kikombe inayofunga beringi ina nyuzi za kinyume. Inafunguka kwa kuzungusha kulia. Fundi aliyekuwa anasaidia akaing'ang'ania kushoto kwa bomba la maji la mita nzima. Kila akivuta anaikaza.

ZUHURA: Fundi gani?

MBWANA: Simtaji. Ana watoto.

ZUHURA: Waambie kuhusu jiko.

MBWANA: Aa, jiko! Kostiki ikikutana na aluminiamu inachemka yenyewe, inatoa haidrojeni. Inashika moto hiyo. Na mzee wa kahawa jiko lake la mkaa liko hatua tatu kutoka kwa Mgonjwa. Nikamwomba kwa adabu, "Mzee, tusogeze jiko." Akanitazama, akamimina kikombe, akampa mteja, akasema, "Miye nimekaa hapa kabla hujazaliwa. Msogeze mgonjwa wako."

ZUHURA: Na alikuwa sahihi.

MBWANA: Tukambeba Mgonjwa mpaka uwanja wa nyuma. Nikaanza kumimina. Mara povu jeusi linapanda, paipu imekuwa ya moto huwezi kuishika, harufu inakukaba. Likitulia namwaga, naweka nyingine. Kufika alfajiri bomba limebaki ganda jembamba, nikalikunja kwa koleo likatoka vipandevipande. Nikasuuza kwa maji mengi. Rangi upande mmoja imeondoka yote ilikomwagikia, chuma kinang'aa.

ZUHURA: Watu walipiga makofi. Muuza kahawa hakugeuka.

MBWANA: Sasa, mambo matano. La kwanza...

ZUHURA: Bado hujasema habari ya keria.

MBWANA: Keria haimo kwenye orodha.

ZUHURA: Ndiyo maana naiuliza. Wasikilizaji, hii baiskeli ina keria. Si ya kufunga kwa bolti, imechomelewa. Nondo nene, miguu minne, imeshikana na fremu. Muuzaji kasema ilitoka Muheza, ilikuwa inabeba machungwa. Na huyu bwana kesho anaingia na grenda kuikata.

MBWANA: Naikata, ndiyo. Nasugua kwa tupa taratibu mpaka usione palikuwa na kitu. Natafuta breki za kantiliva za wakati ule, waya mmoja unaovuta mikono miwili. Nataka iwe ilivyotoka kiwandani.

ZUHURA: Kwa nini?

MBWANA: Kwa sababu za aina hii zilizofika kwetu karibu zote zimefanywa hivyo. Zimekatwa, zimechomelewa, zimepigwa rangi ya geti. Mwanangu hajawahi kuona moja kama fundi wake alivyoikusudia. Na kuchomelea paipu nyembamba vile kwa moto wa kuungia madirisha ni kuiua fremu.

ZUHURA: Imekufa? Imebeba magunia ya machungwa kutoka shamba mpaka barabarani, na fremu haijapinda. Umeipima mwenyewe kwa uzi.

MBWANA: Bahati.

ZUHURA: Haya, nikuulize weye unayezijua. Hizi baiskeli zilianzia wapi?

MBWANA: Kaunti ya Marin, California, miaka ya 70. Kila msikilizaji wetu anajua.

ZUHURA: Walikuwa wanapanda nini?

MBWANA: [kimya kidogo] Schwinn za zamani.

ZUHURA: Schwinn Excelsior za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia! Baiskeli nzito za kugawia magazeti. Wakaziokota, wakang'oa madigadi, wakapachika breki za ngoma na mikono ya breki za pikipiki, wakaongeza gia. Mbio zenyewe, kuanzia 1976, waliziita Repack, maana ile breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume ilikuwa inachemka mlimani, grisi yote inaungua, ukifika chini lazima ufungue habu, kile kitovu cha gurudumu, uijaze upya. Sasa wangekuwa na heshima yako ya kiwandani, leo kungekuwa na baiskeli ya milimani?

MBWANA: Wale walibadilisha wakazaa kitu kipya. Joe Breeze, mmoja wao, mwaka 1977 akakaa akajenga fremu yake kwa mkono, kwa ajili ya mlima tu. Leo iko makumbusho ya Smithsonian, Washington, na hakuna aliyeichomelea keria.

ZUHURA: Smithsonian hawabebi machungwa.

MBWANA: [anacheka] Lakini unaelewa ninachosema.

ZUHURA: Naelewa, sikubali. Na Tom Ritchey je? Si ndiye mungu wenu wa kuunga fremu? Ndiye aliyekuwa na Gary Fisher na Charlie Kelly 1979 walipofungua biashara ya baiskeli za milimani, na ile baiskeli ya Stumpjumper ya kampuni ya Specialized ya 1981 iliigwa kwa kazi yake. Alipofika Rwanda 2005 akaona wakulima wanasukuma kahawa kwenye baiskeli za mbao, alibuni nini? Baiskeli ndefu nyuma, yenye keria ya magunia! Mkono uleule.

MBWANA: Aliibuni tangu mwanzo iwe na keria! Ndiyo tofauti. Paipu alizichagua kwa mzigo. Hakwenda na grenda kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Na si mizigo tu iliyotoka kule, Adrien Niyonshuti wa Rwanda kaendesha mbio za milimani za Olimpiki London 2012.

ZUHURA: Usiniondoe kwenye keria.

MBWANA: Siondoi.

ZUHURA: Huyu fundi wa Sakai humjui. Yule wa Muheza aliyechomelea humjui vilevile. Nimeziangalia zile alama za moto. Ni safi, kila mguu kaweka kipande cha bati chini yake ili moto usitoboe paipu. Huyo alijua anachogusa. Sasa kwa nini kazi ya mmoja ni urithi na ya mwingine ni uchafu wa kusugua kwa tupa?

MBWANA: Sikusema uchafu.

ZUHURA: Unaikata.

MBWANA: Mwenyewe kaiuza kwa bei ya chuma chakavu, Bi Zuhura. Kama keria ile ilikuwa na thamani kwake, mbona aliiachia kwenye rundo?

ZUHURA: Kwa sababu kanunua pikipiki! Hukuuza redio ya baba yako?

MBWANA: Redio usiiguse.

ZUHURA: Haya.

MBWANA: Hapana, kwa kweli. Keria ziko elfu mtaani. Fremu hii sitaiona tena.

ZUHURA: Na miye nasema keria hii hutaiona tena.

[kimya]

MBWANA: Naikata.

ZUHURA: Ukiikata nipe miye vile vyuma. Na hata ukinipa, bado umekosea.

MBWANA: Tusonge.

ZUHURA: Tusonge wapi? Kijana wa mitambo anatuonesha vidole viwili.

MBWANA: Dakika mbili? Na mambo matano?

ZUHURA: Sema hilo la kwanza.

MBWANA: La kwanza, kabla hujatoa hela, jaribu kuzungusha siti. Na usukani, uuvute juu, ule wa shina refu nao unaganda vilevile. Vikikataa...

ZUHURA: Punguza bei.

MBWANA: Au ondoka. La pili, kagua fremu chini, panapoingia kranki, maji hukaa pale, bonyeza kwa...

ZUHURA: Tangazo kwanza, tutasahau. Wanaokuja safari ya Lushoto, tunakutana Mombo saa moja asubuhi. Kupanda ni kupitia Soni, kushuka ni njia hiyohiyo, na ule mteremko na kona zake mnazijua. Raba za breki ziwe mpya, za pande zote mbili, nitakagua mwenyewe kwa mkono. Asiye na breki atapanda gari.

MBWANA: Kwa hiyo la pili, unabonyeza kwa bisibisi, ikizama...

ZUHURA: Wanakata.

MBWANA: ...usinunue, na la tatu ni mnyo...