Hapana pa Kumkimbia Mungu Isipokuwa Kwake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu katika imani, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana, na namtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Nimeombwa nizungumze juu ya mtu aliyefika mwisho wa matumaini yake, na nakiri kwamba nimeliogopa jambo hili, kwa sababu ninajua kuwa miongoni mwenu wamo waliokuja hapa wakiwa katika hali hiyo hiyo, na mtu aliye ndani ya shimo hahitaji kupigiwa kelele kutoka juu.

Kiswahili chetu kinasema mtu "amekata tamaa", kana kwamba kisu kilikuwa mkononi mwake. Tusiwadhulumu watu kwa usemi huo. Wengi kamba zao zilikatwa na maradhi, na kufiwa, na madeni, na kuachwa na waliowapenda, wala hawakushika kisu chochote. Lakini imebaki kamba moja ambayo hakuna kiumbe awezaye kumkatia mwenzake, nayo ni ile iliyo baina ya mja na rehema ya Mola wake. Hiyo, ikikatika, tumeikata wenyewe, na kwa kawaida huwa tunaikata gizani, tukidhani kwamba ilikwisha kukatwa zamani.

Katika Surat Az-Zumar, aya ya 53, Mwenyezi Mungu anawaita watu waliojidhulumu nafsi zao kupita kiasi, na anawaita "waja wangu". Makosa yao hayakuwaondolea jina hilo. Anawakataza kukata tamaa na rehema yake, kisha anasema kwamba yeye husamehe dhambi zote. Aya hii tunaijua, wengi wetu tumeihifadhi. Tatizo letu si kutoijua, bali ni kwamba kila mmoja huwa anaamini kuwa ni ya kweli kwa wengine. Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyeniambia kuwa ameacha kuomba dua, si kwa kuwa hamwamini Mungu, bali kwa kuwa anaona aibu kuinua mikono. Aliishika mikono yake mapajani, ameifumbata, kana kwamba inaweza kuinuka bila idhini yake. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimsimulia habari ya Ka'b bin Malik, sahaba wa Mtume (s.a.w.), na ndiyo ninayotaka kukaa nayo pamoja nanyi, kwa sababu sijui habari nyingine inayomfuata mtu aliyefika mwisho kwa ukaribu kama hiyo.

Ilikuwa mwaka wa 9 Hijria, wakati Mtume (s.a.w.) alipotoka na jeshi kwenda Tabuk. Joto lilikuwa kali, safari ilikuwa ndefu, na mjini Madina matunda yalikuwa yameiva na vivuli vimependeza. Ka'b hakuwa na udhuru. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba hakuwahi kuwa na afya wala uwezo kama wakati ule, na alikuwa na wanyama wawili wa kupanda. Kila siku alitoka kwenda kujiandaa, akarudi hajafanya lolote, akijiambia kuwa ataweza tu, mpaka jeshi likaondoka na yeye akabaki. Hivyo ndivyo anguko la wengi wetu linavyokuja: hatukusudii ubaya, tunaahirisha wema hadi wakati wake unapita.

Mtume aliporudi, watu zaidi ya themanini walikuja na visingizio vyao, na vikapokelewa, siri zao zikaachiwa Mungu. Ka'b alikuwa msemaji hodari na angeweza kupanga maneno ya kumtoa. Akachagua kusema kweli kwamba hakuwa na udhuru. Ukweli ule haukumletea nafuu. Yeye na wenzake wawili, Murara bin Rabi' na Hilal bin Umayya, wakawekwa pembeni, na watu wakakatazwa kusema nao. Wale wenzake wawili wakajifungia majumbani mwao wakilia. Ka'b, aliyekuwa na nguvu zaidi, akaendelea kwenda msikitini na sokoni bila kusemeshwa na mtu. Anasema alikuwa akimtolea Mtume salamu, kisha anajiuliza moyoni: je, midomo yake imetikisika kunijibu, au haikutikisika? Akawa anasali karibu naye na kumtazama kwa kuibia.

Tutue hapa kidogo. Mtu huyu hana hakika yoyote, hajajibiwa, wala hajui kama atajibiwa, na bado anatoka nyumbani kwake kwenda kuswali. Wengi tunafikiri kuwa kumtumainia Mungu ni utulivu unaoshuka kifuani, na tunapoukosa utulivu huo tunahisi kwamba hata imani imetutoka. Ka'b hakuwa na utulivu. Tumaini lake lilikuwa miguuni, katika njia ile ile ya msikitini, wakati moyo umembana. Nabii Yaaqub naye alikuwa hivyo: amempoteza mtoto wa pili juu ya wa kwanza, macho yamekuwa meupe kwa huzuni, na ni katika saa hiyo anawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Huzuni yake haikuwa upungufu wa imani. Aliipeleka shtaka kwa Mola wake, na hapo hapo akawatuma watu njiani.

Ukiwa ulipomzidi Ka'b, alipanda ukuta wa bustani ya Abu Qatada, binamu yake na mtu aliyempenda kuliko wote. Akamsalimia, hakujibiwa. Akamuuliza kwa jina la Mungu kama hajui kwamba yeye anampenda Mungu na Mtume wake. Kimya. Akarudia, kimya. Mara ya tatu Abu Qatada akasema tu kwamba Mungu na Mtume wake ndio wajuao zaidi. Machozi yakamtiririka Ka'b, akageuka, akaupanda ukuta akarudi alikotoka.

Ndipo sokoni akaja mtu kutoka Sham na barua ya mfalme wa Ghassan. Ilisema kwa maana yake: tumesikia kuwa mwenzako, yaani Mtume, amekufanyia ukatili, njoo kwetu, tutakuliwaza. Ka'b akaona kuwa huo nao ni mtihani, akaipeleka tanurini akaichoma. Kila aliyefika mwisho wa matumaini huletewa barua ya namna hii. Huenda ikawa sauti inayomwambia aache swala kwa kuwa hazipokelewi, au inayomwambia kwamba pumziko liko katika ulevi, au kwamba liko katika kuutoa uhai wake. Ikifika barua ya namna hiyo ya mwisho, ndugu yangu, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe mtu, nenda kwa tabibu, sema wazi. Kutafuta msaada wa viumbe ni katika rehema aliyoiumba Mungu, na Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu.

Usiku wa arobaini ulipotimia, wakaamrishwa kujitenga na wake zao. Mambo yalizidi kuwa mabaya, na ninalitaja kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi tunaahidiana kwamba mwenye kusubiri ataona nafuu hatua kwa hatua. Huenda asione. Surat At-Tawba, aya ya 118, inasema kuwa ardhi iliwabana pamoja na upana wake, na nafsi zao zikawabana, na wakajua kwamba hapana pa kumkimbia Mungu isipokuwa kwake yeye. Kisha inasema kwamba Mungu aliwaelekea ili wapate kutubu. Uangalieni vizuri mpangilio huo. Hakungoja wamalize kutubu ndipo awaelekee. Kuelekea kwake kulitangulia, na toba yao ikawa tunda lake. Yule mama aliyefumbata mikono alidhani kuwa yeye ndiye anayetakiwa kuufungua mlango kwa nguvu zake. Aibu yenyewe aliyokuwa nayo, na uchungu wa kuwa mbali, ulikuwa ni dalili kwamba amekwisha kuelekewa, kwani moyo ulioachwa kabisa hauumwi na umbali.

Alfajiri ya usiku wa hamsini, Ka'b ameswali juu ya dari la nyumba yake, amekaa. Akasikia sauti ya mtu aliyepanda jabali la Sal' akipaza kwa nguvu zake zote: "Ewe Ka'b bin Malik, furahi!" Akaanguka kusujudu. Mtu mmoja alikuwa amepanda farasi kumletea bishara kwamba toba yao imekubaliwa, na mwingine akapanda mlimani, na sauti ikamtangulia farasi. Alipofika mwenye sauti, Ka'b akavua nguo zake mbili akampa zawadi, na wallahi, anasema, sikuwa na nguo nyingine siku ile. Akaazima mbili akavaa, akaenda kwa Mtume, na watu wakimpokea makundi kwa makundi wakimpongeza.

Alipoingia msikitini, uso wa Mtume ulikuwa unang'aa kwa furaha. Talha bin Ubaydullah akainuka, akamwendea mbio, akamshika mkono, akampongeza. Miongoni mwa Muhajirina, waliohama kutoka Makka, hakuinuka mwingine. Ka'b aliisimulia habari hii akiwa mzee ambaye macho yake yamepofuka, mwanawe akimwongoza, miaka mingi baada ya usiku ule wa hamsini, na hata wakati huo alisema kuwa hajamsahaulia Talha jambo hilo.